Maombi ya Kumfuata Mwenza

Siku niliyopeleka maombi yangu ya uhamisho nilivaa gauni la kijani nililolishona kwa ajili ya mahafali ya binti yangu, nikajitanda mtandio mweupe, nikapanda bodaboda kutoka Rusimbi hadi ofisi za manispaa. Bahasha ya kaki nilikuwa nimeikumbatia kifuani ili upepo usiikunje. Ndani yake mlikuwa na barua niliyoiandika kwa mkono mara nne kabla ya kuipeleka kuchapwa, nakala ya cheti changu cha ndoa, na nakala ya kitambulisho changu cha kazi. Nilikuwa naomba kuondoka Kigoma, mji niliozaliwa na kufundisha kwa miaka ishirini na mitatu, nimfuate mume wangu Kondoa.

Yeye alikuwa amekwisha kuniambia kwamba amehamishwa. Aliisema habari hiyo kama mtu anayesimulia jinsi mvua ilivyomkuta njiani, jambo lililompata tu bila yeye kulitaka. Nikamwonea huruma. Mtumishi wa umma akipewa barua hufunga mizigo, na mke naye ana utaratibu wake: anaandika maombi ya kumfuata mwenza, anaambatisha cheti cha ndoa, anasubiri. Nililia siku mbili kwa ajili ya mama yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, ambaye miguu yake haikuwa tena ya kumfikisha hata msikitini, kisha nikaandika.

Mume wangu ni afisa kilimo. Alikuja Kigoma kwa treni akiwa kijana, akanioa kwetu Ujiji, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikula ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani iliyopikwa kwa mawese bila kulalamika. Mambo yalibadilika baada ya kumzika baba yake. Alikaa kwao Kondoa mpaka arobaini ilipokwisha, na aliporudi alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na uso wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Alisimama uani jioni akaliangalia ziwa, akasema maji haya ni mengi mno, hayampi mtu nafasi ya kufikiri. Alisukuma sahani. Alisema tumbo lake linataka chakula cha kwao.

"Huku bado naitwa mgeni," aliniambia siku moja.

"Mgeni gani anayejua kila mbuzi wa Rusimbi ni wa nani?" nilimjibu.

Zamani angecheka. Siku hiyo aliinuka akaenda kukaa nje.

Katika chumba cha walimu wenzangu walikuwa wakisimulia habari za waume zao wa umri ule: mmoja anapaka ndevu rangi, mwingine amenunua pikipiki kubwa na koti la ngozi la kuivalia. Tulicheka hadi machozi. Mimi nilijihesabu mwenye bahati, maana wangu alitaka unga wa uwele tu. Akaanza kuupata, kila baada ya wiki chache alikwenda stendi kuupokea, mfuko mweupe uliofungwa kwa ustadi, akasema ndugu zake wameutuma. Nilijifunza kuupika. Mara ya kwanza uliposhika vizuri alinisifu mbele ya watoto, nami nikafurahi kama bibi harusi.

Rafiki yangu alifanya kazi masijala, chumba ambamo mafaili yote ya watumishi hutunzwa. Alikuwa Muha wa upande wa Kasulu, Mkristo, mwanakwaya, na tulijuana tangu alipokuja kuanza kazi akapanga chumba kwa mama yangu. Alikaa kwetu miaka sita. Mama alimfundisha pilau. Yeye alimfundisha mama nyimbo za Kiha ambazo mama huziimba mpaka leo kwa matamshi yetu ya Kimanyema. Alipofiwa na mumewe nililala kwake Gungu wiki tatu, kwenye mkeka mmoja naye. Tuliitana shoga, na hatukuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Basi nilifika kwenye dirisha lake, nyuma yangu kukiwa na foleni ya watu wanne.

"Shoga, umependeza hivyo unaolewa upya?"

"Nahama. Pokea, gonga muhuri kabla sijabadili mawazo."

Alicheka, akaitoa barua, akaisoma. Niliona kicheko kikimtoweka usoni kidogo kidogo.

"Hii haijakamilika," alisema.

"Imepungua nini? Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa mji huu kuandika barua."

"Inatakiwa nakala ya barua ya uhamisho ya mwenzio."

"Si mnayo humo ndani? Itoe kwenye faili lake."

"La kwake ni lake. Mwombe mwenyewe akupe."

"Unanirudisha Rusimbi kwa karatasi moja, wewe uliyefuturu kwangu mwezi mzima?"

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwalimu, vumilia, mimi nimerudishwa mara tatu na sijawahi kufuturishwa." Watu wakacheka. Rafiki yangu hakucheka. Alinirudishia bahasha kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Usikubali akusomee. Isome mwenyewe, yote."

Mume wangu alisema barua iko ofisini. Siku ya pili alisema ameisahau. Siku ya tatu alisema mwenye mashine ya kutolea nakala amesafiri. Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, aliiweka mezani kando ya kikombe changu cha chai, akatoka akakaa barazani.

Nilisoma. Ilisema kwamba ombi lake limekubaliwa, ombi la kumfuata mwenza wake, muuguzi katika kituo cha afya huko Kondoa.

Nilicheka. Ninalisema hili kwa sababu ndilo ninaloona aibu nalo kuliko yote. Nilichukua kalamu nyekundu iliyokuwa juu ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha, nikazungushia duara neno muuguzi, nikatoka nje nikiipunga ile barua.

"Wamekosea," nilimwambia. "Wameandika muuguzi, halafu wameniweka Kondoa, na mimi ni mwalimu niko hapa. Waambie wairekebishe kabla hujaondoka, la sivyo huko watakusumbua."

Aliliangalia duara langu.

"Hawakukosea, mama watoto."

Sikuelewa papo hapo. Nilisimama na kalamu mkononi nikisubiri amalizie sentensi.

"Ni mke wangu," alisema. "Tulifunga ndoa mwaka jana, nilipokwenda kwenye mirathi."

"Na ule unga?"

"Anautuma yeye. Alisema nisikae na njaa ugenini."

Dini inamruhusu mwanamume wake wanne. Nililelewa katika hilo na sikubishana nalo. Baba yangu mwenyewe alikuwa na wake wawili, lakini mama alimpokea mke mwenzake mlangoni, kwa maji na mkeka. Mimi nilikuwa nimeula unga wa mwenzangu mwaka mzima na kuusifu. Hata hivyo sikupiga kelele. Nilirudi ndani nikamalizia kusahihisha madaftari, na usiku nikapakua chakula kama kawaida. Hakuomba nimfuate, wala hakuniacha. Alisema tu kwamba ataangalia mambo yatakavyokaa.

Hasira ilikuja, lakini ilikwenda mahali pengine.

Jumapili rafiki yangu alifika kutoka kanisani, amevaa kitenge cha kwaya, mkononi ana migebuka miwili iliyofungwa kwenye gazeti. Nilikutana naye mlangoni. Sikusogea kumpisha.

"Ulijua tangu lini?"

Hakujidai kutoelewa. "Tangu faili lake lilipopita mikononi mwangu. Cheti chao cha ndoa kilikuwa ndani."

"Lini?"

"Kabla ya mfungo."

"Kwa hiyo ulikaa kwenye mkeka wangu ukafuturu siku zote zile."

"Kila siku nilisema leo nitamwambia. Nikifika nakukuta umempakulia ugali wake ule, umefurahi. Na nimeapa, shoga. Ya mafaili hayatoki. Nikianza kwako nitaishia wapi?"

"Umeapa kwa mafaili. Kwa mama yangu, uliyelala kwake miaka sita, uliapa nini?"

Mama akaita kutoka ndani, "Nani huyo? Mbona haingii?"

Nikamjibu kwa sauti, nikimwangalia rafiki yangu machoni, "Ni mtu amepotea nyumba."

Aliiweka ile migebuka juu ya baraza, taratibu, kana kwamba ingevunjika, akaondoka. Nilimwona akipunguza mwendo kwenye kona ya duka, pengine akisubiri aitwe. Sikumwita.

Wiki iliyofuata habari zilikuwa zimeenea manispaa, ambako mume wangu naye alifanya kazi. Mume wangu hakuwa mtu wa kuvumilia kutazamwa. Watu walikuwa wameniona dirishani, wameona narudishwa, wameunganisha mambo. Naye akaamini kwamba nisingeidai ile barua kama rafiki yangu hangekuwa amenifungulia faili kwanza. Akaandika malalamiko. Siku chache baadaye nilipokea barua ya mistari miwili ikinitaka nieleze, ndani ya siku saba, nilivyopata kujua yaliyomo katika faili la mume wangu.

Jibu lilihitaji sentensi nne tu. Nilimwomba barua yake. Alinipa mwenyewe, nyumbani kwetu. Mtunza kumbukumbu alikataa kunipa karatasi yoyote. Hakunieleza lolote.

Nilizijua sentensi hizo tangu siku ya kwanza. Nikaiweka barua kwenye droo. Nilijiambia kwamba nina mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ya kusahihisha, na kweli nilikuwa nayo. Siku ya tano niliitoa nikaisoma, nikairudisha. Siku ya saba ilipita nikiwa naosha vyombo, na nilijua ndiyo inayopita.

Hawakumfukuza. Walimwondoa masijala wakampeleka kwenye ofisi ndogo pembezoni mwa mji, awaandikie wakazi barua za utambulisho. Lakini mjini ilisemwa kwamba yule mama anatoa siri za watu, na waliosema hivyo ni wale wale ambao mafaili yao aliyafunga kwa kamba kwa miaka zaidi ya ishirini bila kumnong'oneza hata mtoto wake.

Mume wangu aliondoka kwa basi mwezi wa sita. Nilimpikia maandazi ya njiani. Nilimkunjia mashati. Stendi alilia, nikamfuta machozi kwa pembe ya mtandio wangu, nikamwambia afike salama, na nilimaanisha. Hupiga simu kila Ijumaa. Ananiuliza habari za mama na za paa linalovuja, nami namjibu vizuri.

Ilinichukua miezi minne kwenda Gungu. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu, zile sentensi nne, nikaongeza ya tano kueleza kwamba nilichelewa kwa kusudi. Nilimkuta akichambua mchele barazani.

"Karibu, Mwalimu," alisema.

Nilimpa karatasi. Alivaa miwani, akaisoma jinsi anavyosoma karatasi zote, kutoka tarehe hadi sahihi.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ungeandika hivi ndani ya zile siku saba, ningekuwa bado kwenye meza yangu."

"Najua."

"Nisaidie nielewe jambo moja, maana nimejaribu peke yangu nimeshindwa. Yule ulimchemshia chai mpaka asubuhi ya safari. Mimi ukaninyima mlango. Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Hilo nalo nilikuwa nimeliandaa, lakini jibu nililokuja nalo lilihusu uchungu na mshtuko, na nilipomwangalia niliona kwamba halimfai. Nikamweleza lililo kweli. Nilimwambia kwamba watu wa kwetu tumezoea wanaoletwa na kazi. Tunawaoza binti zetu, tunawazoea, na mahali fulani moyoni tunajua kwamba wana kwao na siku moja watapakumbuka. Mume wangu nilianza kumuaga siku niliyoolewa bila kujua. Lakini yeye, rafiki yangu, sikuwahi kumfikiria akiwa upande mwingine wa jambo lolote. Kwa hiyo yaliyonipata kwa mume wangu yalinihuzunisha, na yaliyonipata kwake yalinitisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutafuta mawe katika mchele.

"Kwa hiyo anayeondoka anafungiwa maandazi," alisema, "na anayebaki ndiye anayeadhibiwa."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Ndivyo ulivyofanya."

Alikunja karatasi akanirudishia. "Ipeleke wewe mwenyewe. Mimi nikiipeleka watasema nimekutungia."

Niliipeleka Jumatatu. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, la kistaarabu: maelezo yangu yamepokelewa na kuwekwa kwenye faili, kwa sasa mtumishi ataendelea na kituo chake kipya. Nilimpelekea nakala. Aliisoma, akasema ahsante, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Sasa naenda Gungu kila Jumapili alasiri, baada ya yeye kutoka kanisani. Tunazungumza habari za watoto, za mvua, za presha yake ambayo imeanza kupanda. Zamani nilikuwa napita moja kwa moja hadi jikoni kwake na kufunua vyungu bila kuuliza. Sasa hunitolea kiti barazani, kile cha wageni chenye kitambaa, nami nakaa hapo mpaka jua linapoelekea milima ya Kongo, kisha naaga. Mara mbili amenisindikiza hadi barabarani. Mara nyingine huniaga akiwa amekaa, na mimi huenda zangu.