Samansi ya Mama Mkwe

Kabla sijamsema vibaya Ndolo, na nitamsema, niseme kwanza kwamba kwa miaka kumi na tisa nilipiga taipu samansi za kuwaita watu kwenye korti yetu ndogo huku Kitui, na sijaona mtu mwingine aliyezipeleka kama yeye. Wenzake walipewa karatasi asubuhi, saa nane wamerudi wameshiba chai na mandazi, wameandika "hakupatikana." Ndolo alikuwa anampata mtu. Alimsubiri kwenye josho la ng'ombe, maana alijua mtu anaweza kujificha asiende hata kanisani, lakini hawezi kuacha ng'ombe wake waliwe na kupe. Alifukuzwa na mbwa, alimwagiwa maji ya vyombo, na mzee mmoja alimrushia mzinga wa nyuki, bahati nzuri mtupu. Akirudi ananipa nakala, ananiambia, "Nzilani, huyu amepokea," kisha anaenda kunawa miguu bombani.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, samansi humfikia mwenyewe mkononi. Anayeipokea anaweka kidole gumba kwenye nakala, na mpelekaji anaapa kwa maandishi kwamba alimwona kwa macho yake akiipokea. Kiapo hicho kikishafika mbele ya hakimu, mshtakiwa asipotokea, kesi inaweza kuamuliwa bila yeye. Watu wamepoteza mashamba hivyo, wakiwa nyumbani wanapalilia bila habari.

Mwaka wa 1978 nilipiga taipu samansi ya Syombua, mjane aliyeishi peke yake mbele ya Kanyangi. Mfanyabiashara mmoja, Kivuva, alidai kwamba marehemu mume wa Syombua alimuuzia shamba lote, pamoja na pale nyumba iliposimama. Nilimpa Ndolo karatasi. Akasoma jina, akaikunja, akatoka bila kuniaga. Nikadhani ni maringo.

Kumbe Syombua alikuwa mama mkwe wake.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizo walokole walikuwa wameanza kulegeza, lakini Ndolo na Syombua hawakulegeza hata kidogo. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hakuna aliyejua sura ya mwenzake.

Hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Si angeniambia mimi? Ningempa mwingine ile karatasi, yaishe. Lakini alikuwa na kiburi chake cha kutorudisha samansi, na haya ya kutamka mbele ya ofisi nzima kwamba anampeleka mama mkwe kortini. Basi akaenda. Alisimama nyuma ya ghala la mahindi, akakohoa mara tatu, akaweka karatasi juu ya kigoda mlangoni huku ametazama pembeni, akasema kwa sauti, "Kuna kitu hapo nje." Neno "korti" hakulitamka. Ndani mama akaitikia, "Ĩĩ." Ndolo akaondoka. Kwenye nakala akaweka kidole gumba chake mwenyewe, kisha akaapa kwamba ni cha Syombua.

Siku moja kabla ya kesi, mkewe Muthoki alirudi kutoka kumsalimia mama yake. Akamwambia akicheka, "Mama anashukuru kwa zawadi, lakini alingoja uende mbali ndio atoke, akapata mbuzi washakula. Kwani ilikuwa nini, sukari?"

Ndolo hakula chakula jioni hiyo.

Asubuhi wakili wa Kivuva alisimama akasema mshtakiwa ameitwa na hakufika, kiapo hiki hapa, tunaomba uamuzi leo. Hakimu, ambaye alikuwa mgeni kutoka pande nyingine za nchi, alishika kalamu. Nilikuwa nimekaa chini yake na faili zangu. Nikamwona Ndolo anainuka kule kwenye benchi la nyuma, bila kuitwa.

"Bwana hakimu, hiyo kidole ni yangu."

Hakimu akauliza kama anaelewa anachosema.

"Naelewa. Mama hakupata karatasi. Niliapa uongo."

"Unajua hiyo ni jela?"

"Najua. Lakini shamba isiende kwa sababu yangu."

Nilikuwa nimewaona wanaume wakubwa, wenye magari, wakidanganya mahali pale pale kwa sababu ya debe la maharagwe. Huyu wa viatu vya tairi alikuwa anajifunga mwenyewe, na sauti haitetemeki. Nywele zilinisimama. Sioni haya kusema hivyo.

Hakimu alikasirika sana, kisha akaahirisha kesi. Ndolo angerudi kuipeleka upya, mkononi, na mimi ningekwenda naye nikashuhudie. Akishindwa, alale ndani.

Tulipanda basi tukashukia Kanyangi, tukatembea saa mbili. Tulipofika nilitangulia nikamweleza mama kila kitu: Kivuva, shamba, jela, mbuzi. Alisikiliza akiwa amejifunika kanga mpaka puani. Halafu akauliza, "Lazima mkononi?"

"Lazima, mama."

Akasimama, akatoka mpaka katikati ya uwanja, akateremsha kanga mabegani. Ndolo alikuwa ametazama chini, ameivua kofia, jasho linamtoka puani. Akanyoosha karatasi. Mama akaipokea. Kisha ilibidi Ndolo amshike kidole, maana mama hajui wino unavyowekwa, akakibonyeza kwenye wino kisha kwenye nakala. Mama hakuutoa mkono wake. Alimtazama usoni polepole, kutoka paji la uso mpaka kidevu.

"Aiya," akasema. "Kumbe umeshaanza kuzeeka, na mimi sijawahi kukuona."

Mimi niligeuka nikatazama ng'ombe. Nilihisi niko mahali nisipostahili kuwa.

Siku ya kesi Syombua alifika kabla hatujafungua mlango, akiwa na wazee wawili waliopanda miti ya mpaka wa shamba pamoja na mumewe. Karatasi ya Kivuva ya kununua shamba ilionyesha tarehe ambayo marehemu alikuwa ameshazikwa miezi mitano. Shamba lilibaki la Syombua. Jela Ndolo hakwenda, lakini cheti chake cha kazi hakimu alikichukua jioni hiyo hiyo, na hakumrudishia tena.

Lakini kabla ya hayo yote, wakili wa Kivuva alileta ubishi kwamba hata mara hii samansi haikupelekwa sawasawa. Hakimu akamgeukia mama. Akataka aliyempa karatasi atajwe kwa jina, iandikwe.

Mkalimani alitafsiri kwa shida, macho chini. Korti ilikuwa imejaa Wakamba tupu. Ndolo alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Syombua alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ni Ndolo," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ndolo, mume wa Muthoki."

Mzee mmoja nyuma yangu alitoa kofia kichwani. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Hakimu hakuinua uso, aliandika jina kisha akamwambia mama aendelee.