Nta Kwenye Kifua cha Gitaa

Mjomba wangu hutengeneza milango na vitanda pale Nachingwea, na wateja wake wana njia moja ya kupima kazi yake: wanagonga kwa ngumi, kisha wanaegemea. Kwa hiyo alipokubali kunitengenezea gitaa, alitengeneza kitu cha kuegemewa.

Nilitaka gitaa la aina ya zamani, tupu ndani, lenye kifua kilichochongwa kikainuka katikati kama gamba la kobe, na matundu mawili marefu yaliyojipinda kushoto na kulia kwa nyuzi. Nilikuwa nimelisikia utotoni kwenye kanda za dansi za baba. Lilikuwa na sauti inayogonga kidogo halafu inafunguka, kama mtu anayeanza kusema huku bado anatabasamu. Mgongo na mbavu tulitumia mninga. Kifua tulikitoa kwenye kabati kuukuu la msonobari lililobaki toka enzi za mradi wa karanga wa wakoloni, mbao nyepesi zilizokuwa zimekauka kabla sijazaliwa. Tulichonga kwa patasi na randa ndogo, yeye upande wa nje, mimi upande wa ndani. Nilipotaka kupunguza zaidi alinishika mkono.

"Acha hapo, mpwa wangu. Likipasuka hawatasema wewe, watasema mimi."

Kinasa sauti kilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ni kidude kidogo chenye sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Chenyewe ndicho kinachosikiliza nyuzi na kupeleka mtikisiko wake kwenye spika. Nilikifunga kwenye ncha ya shingo, kikaning'inia chini ya nyuzi bila kugusa kifua. Hapo nyuzi hutikisika kwa upana, sauti hutoka nene na laini. Ukikisogeza nyuma, kuelekea kijiti kinachobeba nyuzi, sauti inakonda na kuwa kali.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mwenye bendi yetu. Yeye anaimba, wengine ni mpiga besi, mpiga ngoma na mimi. Tunapiga kwenye harusi, hasa watu wakishauza ufuta na korosho, kuanzia Chiola mpaka Matambarale. Siku gitaa lilipokamilika alikuja karakana kulisikiliza. Nikapiga. Sauti ilitoka safi, fupi, ikafia palepale.

"Shemeji," alimwambia mjomba, "umetutengenezea kitanda."

"Kitanda changu hakijawahi kutoa hata mlio. Muulize mumeo."

"Ndiyo kasoro yake. Mimi nataka kinacholia."

Alipoondoka nilichukua kipande cha kioo kilichovunjika nikaanza kukwangua kifua, pembezoni, pale kinapoungana na mbavu. Nilikwangua, nikagonga kwa kidole, nikasikiliza, nikakwangua tena. Mwanzoni kilijibu kikavu, kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Siku ya pili kilianza kuvuta pumzi. Siku ya tatu niliporudisha nyuzi na kupiga bila spika yoyote, fundi cherehani wa mlango wa pili alisimamisha mashine yake akabaki ameshika kitambaa hewani. Mjomba alijifanya anatafuta msumari sakafuni. Nilijua anasikiliza.

Nikadhani nimemaliza.

Jumamosi hiyo tulipiga harusi hapohapo Nachingwea, chini ya turubai, na spika kubwa za kukodi nyuma yetu. Wimbo haujafika katikati, gitaa likaanza kunguruma lenyewe. Nikashika nyuzi, likazidi. Halafu juu ya ngurumo ukaja mluzi mwembamba unaopenya meno. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza kwa sauti, kila mtu akasikia, kama ng'ombe wa karamu bado hajachinjwa. Watu walicheka mpaka bibi harusi naye akafunika mdomo kwa mtandio. Nilichomoa waya, nikakaa na gitaa bubu mapajani mpaka shughuli ilipokwisha.

Kilichotokea si kigumu kukieleza. Kifua chembamba ni kama ngozi ya ngoma. Spika ikivuma, kinatikisika. Kikitikisika, kinazitikisa nyuzi. Kinasa kinazisikia nyuzi na kuzirudisha kwenye spika, na spika inakitikisa kifua tena. Kila kilichofanya gitaa liimbe karakana ndicho kilicholifanya lipige kelele harusini.

Jumatatu shangazi alikuja na uamuzi wake.

"Jumamosi tuna harusi Ruangwa. Kule kuna kijana ana kinanda, anabonyeza tu, hakingurumi. Shemeji, kitoboe hicho kifua, weka chuma kizito, kaza kwa skrubu kitulie. Hilo gitaa likiwa halijatulia mpaka Alhamisi, namchukua kijana. Na wewe," alinigeukia, "utakuja kama mgeni mwalikwa. Pilau utakula."

Mjomba tayari alikuwa ameshika drili. Hakuwa na ubaya. Kwake kitu kinachotikisika ni kitu kinachohitaji skrubu. Nami nilijua shangazi hakukosea. Chuma kizito kikikazwa katikati ya kifua, ngurumo itapungua kweli. Lakini na ile pumzi ingeondoka nayo, nibaki na sauti ambayo ningeipata kwenye gitaa lolote la ubao mzima. Nililishika gitaa kwa mikono miwili nikasema nahitaji mpaka Alhamisi yenyewe.

"Umelikumbatia kama mwali," mjomba alisema, akaiweka drili chini.

Jumatano niliomba spika moja, nikalilaza gitaa chali mbele yake na kufungua sauti mpaka likaanza kunguruma. Shangazi alikuwa amekuja kuona nimefikia wapi, amesimama juu yangu anatafuna kashata ya ufuta. Chembe za ufuta zilimdondoka zikaangukia kifua cha gitaa. Nilinyanyua mkono nizifute, nikausimamisha.

Zilikuwa zinacheza. Lakini si zote. Nyingine zilitulia kama ziko mezani. Chini kidogo ya kile kijiti, upande wa nyuzi nene, palikuwa na eneo la ukubwa wa kisoda ambalo kila chembe iliyofika iliruka.

"Shangazi, ongeza ufuta."

"Kashata yangu?"

"Ongeza."

Alivunja kipande, akakipukuchua bila kuuliza tena. Nikaweka kidole gumba penye kuruka. Ngurumo ikakata. Nikaondoa, ikarudi. Hapo nikakumbuka kitu nilichokiona kila wiki bila kukitazama: mpiga ngoma wetu, kabla ya kupiga, hubandika donge la nta katikati ya ngozi ili ngoma isivume ovyo. Haitoboi ngoma. Haiikazi kwa chuma. Anaipa uzito kidogo tu, mahali pamoja.

Nilimkimbilia nyumbani kwake nikarudi na donge la nta ya nyuki. Nilitaka kulibandika juu, mjomba akang'aka kwamba hakupiga msasa wiki nzima ili mimi nije kupaka uchafu. Basi nililipitisha kwenye lile tundu refu kwa kijiko kilichopindwa, nikalikandamiza kwa ndani, mahali palepale. Nikapunguza kwa ukucha, nikaongeza, mpaka ngurumo ikaisha na pumzi ikabaki.

Ukabaki mluzi. Shangazi aliinama karibu na nyuzi akaliambia gitaa, "Na wewe unanisikia?" Sauti yake ikatoka kwenye spika, nyembamba kama ya simu. Kisha akacheka, na kicheko nacho kikatoka.

Kinasa hakipaswi kusikia mtu, kinapaswa kusikia nyuzi. Kama kilimsikia, maana yake waya wake ulikuwa umelegea ndani, unatikisika kila sauti inapoupiga. Nilikifungua, nikaiyeyusha nta iliyobaki ndani ya kopo lililokalia sufuria ya maji ya moto, nikakizamisha taratibu. Viputo vidogo vilipanda, vikapungua, vikaisha. Kilipopoa na kurudi mahali pake, shangazi aliinama tena akaliita gitaa kwa majina ambayo sitayaandika hapa. Spika haikujibu neno. Nikagusa uzi mmoja tu, na karakana nzima ikajaa.

Mjomba aliitazama drili yake. "Kumbe lilikuwa na homa tu," alisema.

Ruangwa wenye harusi walitupa nafasi jua likiwa bado juu, spika kubwa kuliko zile za kwanza, kumepangwa viti mpaka barabarani. Yule kijana wa kinanda alikuwepo. Shangazi alikuwa amemwita awe tayari. Alikaa mstari wa mbele, kinanda chake ndani ya mfuko, kimesimamishwa katikati ya magoti. Nilifungua sauti nusu. Kimya. Nikafungua yote. Palisikika pumzi ya nyuzi tu, kama mtu anayejiandaa kusema.

Tukaanza. Noti ya kwanza iligonga, ikafunguka, ikapita juu ya vichwa vya watu ikaenda zake. Wanawake wa upande wa bibi harusi waliinuka kabla ya shangazi kuanza kuimba. Alipoanza, sauti yake haikupambana na kitu chochote. Gitaa lilimwachia njia, likamjibu, likamsubiri. Kwenye ubeti wa tatu alifanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mpigaji yeyote. Alirudi nyuma hatua mbili, akanionyesha kwa mkono nafasi iliyo wazi mbele. Nikaenda. Nilipiga ubeti wote peke yangu, nimeegemeza kifua changu kwenye mgongo wa gitaa, nikiusikia mninga ukitetema mbavuni. Watu walikuwa wanaimba maneno ambayo hakuna aliyekuwa akiyatamka kwenye kipaza sauti.

Wimbo ulipokwisha, yule kijana alikuwa amekilaza kinanda chini ya kiti na yuko katikati ya wachezaji, shati limelowa.

Shangazi alimpigia mjomba simu palepale, kidole kimoja kimeziba sikio.

"Shemeji," alisema, "kitanda chako kimetusimamisha wote."