Bata Mzinga Aliyeletwa Kisanga

Costancia wa Kisanga alikuwa amefuga kuku kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini kuku ambaye hakumwona akichinjwa hakumtia mdomoni. Msibani alikula wali na maharage. Harusini alisema daktari amemkataza nyama. Wengine walinong'ona kwamba ni masharti ya mganga, naye akawaacha wanong'one.

Mkesha wa Krismasi, mwanawe Gerald, fundi wa magari Mikumi, alifika kwa pikipiki na mkewe Monica. Monica alikuwa amepakata ndoo yenye kifuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Imani. Umebeba nini humo?"

"Bata mzinga. Nimemfuga mwenyewe, mama. Mwaka huu tule kitu kikubwa."

Costancia akafunua. Ndege alikuwa amenyonyolewa na kukatwa vipande. Kichwa hakikuwemo, wala shingo.

"Mbona hukumleta mzima?"

"Yule ana kilo kumi, mama. Angetuangusha mlimani."

Jibu lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtia Costancia wasiwasi. Akalitoa paja, akaliminya, akalinusa. Nyama yake ilikuwa nyekundu ya kuiva. Kuku aliyechinjwa damu humtoka, nyama ikabaki nyeupe. Aliyekufa mwenyewe damu humgandia mwilini. Hilo alilijua vizuri mno. Bata mzinga, hata hivyo, hakuwahi kumpasua maishani mwake.

"Na wenzake hawajambo?" akauliza, kama mtu anayepiga soga tu.

"Hawajambo. Ila wawili walikufa mwezi uliopita, labda ni hizi mvua."

"Wawili," Costancia akarudia, akafunika ndoo.

Kesho yake, wakitoka kanisani, alimvuta Gerald pembeni.

"Ulimwona yule ndege akichinjwa?"

"Nilikuwa gereji, mama."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nimeuliza."

Monica alimchemsha bata mzinga kwa tangawizi, akamkaanga, harufu ikajaa ua mzima. Mezani alimpakulia mama mkwe paja zima. Costancia akalisogeza kando, akavuta bakuli la majani ya maboga. Angeweza kuishia hapo. Lakini mjukuu wake Imani, aliyekuwa kwa bibi tangu shule zifungwe, aliponyanyua kipande chake, Costancia akampokonya.

"Wewe usile hicho!"

Monica akaweka kijiko chini. "Mama, unadhani nimewaletea mzoga?"

"Sijui ulichotuletea. Sikuona."

Monica akainuka, akatoka nje, na muda si mrefu sufuria zikasikika zikigongana uani. Imani akachukua tena kipande chake, akala. Costancia alimkodolea macho mtoto yule mpaka alasiri, akingoja ashike tumbo. Imani akacheza kamba.

Ndipo Costancia akamfuata Monica uani.

"Niambie, mama," Monica akasema bila kugeuka. "Nani aliwahi kukulisha mzoga?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliwalisha watu."

Mikono ya Monica ikatulia kwenye maji.

"Mwaka mmoja mdondo uliingia bandani. Gerald alikuwa kidato cha pili, ada haijalipwa. Kuku wakapinda shingo, wakaharisha kijani. Asubuhi moja niliokota kumi na wanane. Akaja mchoma nyama wa pale barabara kuu na gunia."

"Alijua wamekufa?"

"Alijua. Na mimi nilijua. Waliokula ndio hawakujua." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sijamwambia mtu, hata baba yake Gerald mpaka anakufa."

Monica akaikamua dasta, akaianika. "Kwa hiyo umeniaibisha mbele ya mwanangu kwa kosa lako mwenyewe."

"Ndiyo. Nisamehe."

Siku hiyo Monica hakumjibu. Wala hakupiga simu Januari, wala Februari. Karibu na Pasaka ndipo alipopiga: "Mama, njoo Mikumi uchinje kwa mkono wako."

Costancia akaenda. Alizunguka banda, akachungulia vinyesi, akamfungua kila ndege macho. Akamchagua mmoja. Joha, jirani yake Monica, akamshika ndege miguu, naye Costancia akachinja. Alipopasua paja alisimama na kisu mkononi. Nyama ilikuwa nyekundu vilevile.

"Ndivyo alivyo," Monica akasema.

Mchana ule Costancia alikula vipande viwili, akanywa na supu.

Alirudi Kisanga na mayai manne ya bata mzinga ndani ya kapu la pumba, akamwekea kuku wake alalie. Siku ya ishirini na moja ikapita kimya. Ya ishirini na tatu akashika simu.

"Mama Imani, haya mayai hukuyachemsha kweli?"

Monica akacheka mpaka akakohoa. "Vumilia, mama. Hawa huchukua wiki nne."

Akavumilia, ingawa kila asubuhi aliyainua na kuyatikisa sikioni. Siku ya ishirini na nane matatu yakapasuka.