Makumbi ya Bi Mize

Siku nilipoanza kazi ya utarishi wa sheha tulikuwa wanne barazani kwake: Sheha mwenyewe, Bi Mize, mkubwa wa wanawake wa pwani, mdogo wangu Asha, aliyeng'ang'ania kanga yangu, na mimi, niliyeacha skuli baada ya wazee wetu kufariki.

"Mtoto wa kike ataweza?" Sheha aliuliza.

"Utamtuma mwanamme kwenye mashimo yetu, na sisi kanga tumezipandisha magotini?" Bi Mize alimjibu.

"Na kelele zenu je?"

"Atazizoea, kama ulivyozizoea wewe."

Nyinyi mliozaliwa huku London huniuliza shehia ni nini. Ni serikali ya kijiji, na sheha ndiye kichwa chake. Huteuliwa na wakubwa, sisi hatukumchagua. Ukitaka kujenga, kuhamia au kuzika, lazima ajue. Tarishi ndiye miguu yake: nilipita nyumba kwa nyumba kupeleka amri na kuwaita waliogombana.

Magomvi mengi yalikuwa ya mashimo. Wanawake walichimba kwenye mchanga unaofunikwa na maji, wakafukia makumbi ya nazi na kuyakandamiza kwa mawe. Yalikaa humo miezi hadi yakalainika, ndipo wakayafukua, wakayaponda na kupata usumba wa kusokotea kamba. Kila mmoja aliyajua mawe yake.

Mama alipofariki, kila mwanamke alitupatia shimo lake moja lililoiva. Kwetu hiyo haikuwa sadaka. Unafukia jengine, na likiiva unamkabidhi mwenyewe palepale pwani. Kamba za mashimo yale ndizo zilizomsomesha Asha. Mimi nikawa nafukia na kurudisha, mmoja baada ya mwengine, kila nikitoka kazini. Bi Mize alitaka awe wa mwisho. "Anza na wenye haraka," alisema. "Mimi nipo."

Sheha yule akafa, akateuliwa mwengine. Huyu alipenda viatu, hakushuka pwani. Siku moja Mkuu wa Wilaya alikuja na watu waliotaka kujenga hoteli pwani, na walipoondoka Sheha akaniamuru niwaite wenye minazi wakalipwe.

"Na wenye mashimo?" niliuliza.

"Tangu Mapinduzi ardhi ni ya serikali. Mtu hulipwa mti alioupanda. Shimo lina mti gani? Nihesabu mawe?"

"Basi wasubiri makumbi yaive."

"Wageni hawasubiri makumbi, bibie. Yananuka. Nenda kawaambie wafukue."

"Siendi."

"Basi kaa kwako."

Hivyo ndivyo nilivyoachishwa kazi. Alitumwa mwanamme, akasimama mbali akipiga kelele. Wanawake walifukua makumbi mabichi, hayana usumba, yana uvundo tu. Bi Mize hakufukua. Alikaa juu ya mawe ya shimo nililomfukia mimi, lile la mwisho, na mafundi walipomwambia achukue kilicho chake, alininyooshea kidole.

"Hili si langu bado. La huyu. Hajanikabidhi."

Wakamnyanyua, wakajenga.

Asha ndiye aliyenileta London, nikasafisha maofisi hadi nilipostaafu hapa Barking. Huku kaunsili ya mtaa hubandika matangazo kwenye nguzo kuuliza maoni yetu kuhusu mambo iliyokwisha kuyaamua. Mkuu wa Wilaya wetu angalau hakujisumbua kwa gundi.

Mtoto wa Asha aliniambia, kwa Kiingereza chake, ninunue kamba sokoni Woolwich nimpelekee Bi Mize, yaishe. Nilimpigia simu bibi wa watu nikamweleza. Alicheka hadi akakohoa.

"Kamba ya nailoni? Unifunge mimi au mbuzi?" Kisha akaongeza, "Wewe njoo unikabidhi langu, mwanangu. Mimi nipo."

Sauti yake sasa imekuwa nyembamba. Makumbi yale yaliiva zamani. Yako chini ya ukuta wa hoteli, na mimi bado sijamkabidhi.