Mtoto wa Kitanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, nikafukuzwa kabla sijashika nyundo. Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka uani, nikaingia kwa nyuma.

Fundi Mkuu akanikazia macho. "We si ndo nimekufukuza sasa hivi?"

"Yule wa mbele, fundi. Mimi nimetokea uani."

Akanitupia msasa, nikaanza kusugua mbao. Miaka thelathini na ushee nikasugua.

Hiyo ilikuwa Kariakoo, enzi ya Mwingereza, kabla ya vita ya pili. Nyie mnaojenga makabati ukuta mzima hamjui shida. Nyumba zetu zilikuwa ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila mlango una watu wake na vyombo vyao. Karakana yetu ilitengeneza viti, lakini sifa yetu ilikuwa kuwatafutia watu nafasi.

"Chumba hakiongezeki," Fundi Mkuu alikuwa anasema. "Tazama juu, tazama chini, halafu ndo utazame pembeni."

Juu tuliweka dari: boriti za mikoko toka ukuta hadi ukuta, mbao juu yake. Chini tulirefusha matendegu, ndo miguu ya kitanda, mpaka jungu la pilau likaingia uvunguni. Pembeni tulining'iniza susu, wavu wa kamba wa kuwekea masufuria.

Kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa ya Salum, kuli wa bandarini, upande wa Msimbazi. Alikuwa na vyumba viwili. Kimoja chake na mkewe Zuhura. Cha pili kilikuwa na watoto watatu, gunia la mahindi, na baiskeli mbovu ambayo Salum hataki kuitupa. Humo ndo alitaka kumweka mama yake, Bi Mwanaidi, aliyebaki peke yake Kisarawe.

"Nyumba yake imeanguka ukuta mmoja," Salum akaniambia. "Kakubali kuja, ila kasema akiona anatubana, anageuza siku hiyo hiyo. Na yule akisema kasema. Sasa fundi, nipatie nafasi."

Siku nne nikapiga kazi. Gunia likapanda darini, baiskeli ikapanda darini, chumba kikapumua. Bibi alifika alasiri na sanduku moja la bati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pazuri."

Mimi huyo, kichwa kimeshavimba, nikakwapua sanduku lake nikalipandisha darini.

Bibi akasimama katikati ya chumba. "Umelipeleka wapi?"

"Juu, bibi. Halikubani tena."

"Mna sanda yangu mle. Siku yangu ikifika, watoto hawa waanze kutafuta ngazi?"

Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Bibi, siku hiyo we hutakuwa na haraka."

Zuhura akaziba mdomo kwa kanga. Salum akanitazama kama anachagua pa kunipiga. Bibi akaanza kufunga kilemba chake upya. "Nishushie sanduku langu. Narudi Kisarawe."

Nikalishusha. Nikaliweka sakafuni, njia ikaziba. Nikalisukuma uvunguni mwa kitanda alichowekewa, bibi akainama, mgongo ukamkatalia.

Nikatazama kitanda. Cha kamba, kimelegea katikati, lakini kichwani kamba zimekaza. Nikasema, "Bibi, nipe mpaka magharibi. Nikishindwa, sanduku nakubebea mwenyewe mpaka Kisarawe, kwa miguu."

"Utaweza, na mdomo huo mwepesi?" Lakini akakaa.

Nikavunja kasha la chai, nikatengeneza droo, ile tunayoita mtoto wa meza, nikaipachika chini ya kichwa cha kitanda. Jua halijazama, bibi akalala chali, akapeleka mkono nyuma, akavuta. Ikatoka bila kelele. Akaweka sanda yake, akaisukuma ndani, na sanduku likarudi darini.

"Uzee huu," akasema, "naongezewa mtoto." Akavua kilemba.

Kuanzia hapo mtaa mzima ukataka mtoto wa kitanda. Fundi Mkuu akaikagua ile droo, akaguna, akaniacha nifunge karakana, na kwake hiyo ndo pongezi. Baadaye nilichukuliwa bandarini kupanga rafu za stoo. Msimamizi wa huko aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwenye chumba cha bibi mmoja.

Siku hizi nimestaafu, mikono inatetemeka hata kwenye kikombe. Juzi nimenunua sanda yangu, nikaenda kuiweka kwenye mtoto wa kitanda changu. Nikavuta, nikakuta mke wangu kajaza vitunguu.

"Mama Hadija, mi nitaweka wapi hii?"

Hata hakugeuka jikoni. "Subiri viishe. Kwani una haraka?"