Vipande vya Kuku vya Tarishi

Mume wangu ni fundi viatu. Kwa miaka thelathini na moja amekaa kwenye kibanda kimoja, mgongo barabarani na uso ukutani, kwa sababu mwanga wa dirisha la nyuma ndio unaomwonyesha tundu la sindano. Masikio yake yalipokuwa mazima halikuwa tatizo. Siku hizi mteja anaita, "Fundi! Fundi!" mpaka anakata tamaa na kwenda zake, naye humo ndani anagonga kisigino, misumari imejaa mdomoni, hana habari.

Mwanetu wa kwanza alitaka kibanda kifungwe, tuhamie kwake. "Baba apumzike tu, Mama." Mzee akasema akipumzika atakufa, na mimi ninayemjua nilijua hatanii. Wakakubaliana hivi: binti yetu alete mtoto wa mbwa, afundishwe kumgusa baba goti kwa pua kila anapokuja mtu. Mwezi ukiisha mbwa hajajua kazi, basi, kibanda kifungwe.

Tukamwita Tarishi. Akili alikuwa nayo, tumbo ndilo lilikuwa la kioo. Kila akigusa goti lazima apewe kitu kidogo hapohapo, aelewe kuwa amefanya vema. Tukaanza na biskuti za mbwa za dukani, zile za rangi rangi. Akaharisha. Tukajaribu maziwa, Mungu anisamehe nilivyonung'unika, siku hiyo nilipiga deki mara tano. Maini aliyapenda mno, nayo hayakukaa. Mbwa anayeharisha hafundishiki, analala tu chini ya benchi macho yamelegea. Wiki mbili zikapotea hivyo.

Nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole. Alimbonyeza tumbo, akauliza tunampa nini. Nikamtajia vyote. Akacheka.

"Mama, huyu ni mtoto wa mbwa au mgeni wa harusi?"

Akanielekeza: kitu kimoja tu, tusichanganye. Kidari cha kuku bila ngozi, kichemshwe kwa maji matupu, bila chumvi wala mafuta, na kitunguu kisisogee kabisa, maana kwa mbwa ni sumu. Nikate vipande kama punje za mahindi, na kiasi hicho nikipunguze kwenye chakula chake cha kila siku.

Nikawa nachemsha sufuria mbili kila asubuhi, moja ya Tarishi na moja ya mzee, maana naye ana presha na alishakatazwa chumvi na mafuta.

"Ya mbwa ni ipi?" akauliza siku moja, akifunua mifuniko.

"Ya kushoto!"

"Haya, onja uniambie tofauti."

Nikacheka, nikafunga chakula chake cha kumpelekea mchana.

Siku ya nne choo cha Tarishi kikawa kigumu, akaanza kuchangamka. Siku ya sita akaharisha tena. Nilihangaika. Nikasugua sufuria kwa majivu, nikanunua kuku kwa muuzaji mwingine, nikamwomba Mungu anionyeshe nilipokosea. Mwezi ulikuwa unatuishia.

Kesho yake nikapeleka chakula kibandani mapema, kabla ya saa yangu ya kawaida. Mzee alikuwa amenipa mgongo. Sikuita. Tarishi aliniona, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja na kumgusa goti kwa pua. Hakuna aliyemwamuru.

Mzee akageuka. Mapajani ana karatasi ya samaki wa kukaanga kutoka kwa Mama Kikaango wa kibanda cha pili. Midomo inameremeta mafuta, na kipande cha ngozi ya samaki kiko vidoleni, tayari kwa mbwa.

Furaha na hasira vilinijia pamoja.

"Amekuita!" nikapaza sauti. "Mzee, amekuita!"

"Ameniuza," akajibu.

"Tangu lini haya?"

"Juzi tu." Akafuta midomo kwa mkono wa shati kama mtoto. "Nilimwonea huruma. Chakula cha wagonjwa nakijua. Nikasema huyu ni mwenzangu, tugawane."

Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nampikia kwa upendo, kumbe kila jioni nilikaa mbele yake nikila mchuzi wangu wenye chumvi na mafuta, naye ananitazama. Hilo sikuwahi kuliona.

Nikamsogezea mkebe wa kuku. "Mpe chake, anangoja."

Akampa kipande kimoja, cheupe, kikavu. Tarishi akameza, mkia ukapiga mguu wa benchi, macho yakabaki kwenye uso wa mzee. Karatasi ya samaki hakuitupia hata jicho.

"Kumbe anataka tu nijue kuwa ameniita," mzee akasema taratibu, akanikabidhi samaki wote.

Jioni hiyo nilichota kwenye sufuria yake, nikala naye. Haikuwa na ladha, siwezi kudanganya. Lakini tulikula pamoja, na tukawa tunafanya hivyo kila siku.

Siku ya mwisho ya mwezi mwanetu akaja. Alisimama nje ya kibanda, akaita kwa sauti ya chini, kwa makusudi, "Fundi." Mimi nilikuwa pembeni, nikitazama. Tarishi akanyoosha shingo, akaenda, akagusa goti. Mzee akatemea misumari kiganjani, akageuka.

Mwanetu hakusema neno la kuhama. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa, akavua kiatu cha kulia.

"Kisigino hiki, Baba," akasema kwa nguvu ili asikike, "kinalegea tangu wiki iliyopita."