Seva Zenye Majina ya Ng'ombe

Kabula binti Nyanda hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na waliomjua tangu kijijini kwao Mwamapalala wangekwambia hivyo bila kuulizwa. Alipoajiriwa fundi wa kompyuta katika chama kimoja cha wakulima wa pamba pale Bariadi, alikuta chumba cha seva kimekuwa stoo ya chakavu. Seva nne, kila moja na skrini yake, kibodi yake, mausi yake, nyaya zimesokotana hadi mlango haufunguki vizuri. Jamani! Akaviondoa vyote. Akaleta kisanduku kidogo cha kubadilishia, akaziunganisha seva zote nne humo, ikabaki skrini moja, kibodi moja na mausi moja. Unabonyeza kitufe, unahamia seva unayoitaka.

Mpango huo una hatari yake. Skrini ni ileile, kibodi ni ileile, na ukisahau uko kwenye seva ipi, unaweza kumtoa roho asiyehusika. Kabula alilijua hilo. Kwao hakuna anayesema "ng'ombe namba tatu". Kila ng'ombe ana jina, na mchungaji hachanganyi. Basi naye akazipa seva majina. Nzagamba, dume la zizi, ikawa ya hesabu. Madoa ikawa ya barua, Kijivu ya kumbukumbu za wanachama, na Pembemoja ya mizani. Kila ukihama, jina linatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa.

Meneja, Januarius, alipoyaona majina hayo akacheka kwa dharau.

"Dada, hii ni ofisi au zizi? Wageni wakija kutoka Dodoma tutawaambia nini?"

"Tutawaambia Pembemoja ndiyo inayopima pamba, meneja."

"Futa. Weka namba."

Akafuta, amri ni amri. Lakini alimwambia wazi, mbele ya Felisita wa mapokezi, kwamba ipo siku mtu atazima seva isiyo yenyewe. Akajibiwa kwamba ana mdomo.

Haya sasa! Msimu wa ununuzi ukafika, uwanja ukajaa mikokoteni na mafurushi ya pamba. Siku hiyo Kabula alikuwa nje anatengeneza waya wa mizani. Seva ya barua ikaganda, na Januarius, badala ya kumwita fundi, akaingia mwenyewe kuizima na kuiwasha upya. Akazima ya mizani. Uzito wote wa asubuhi ukapotea, wakulima wakaambiwa wapime tena. Wacha wee, kelele zilizopigwa pale!

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini bwana yule pole aliitaka, tena kwa mgongo wa mwenzake. Akamvuta Kabula kando.

"Nimebonyeza mimi, sawa. Lakini kwenye kikao walichokiitisha wakulima utasema kisanduku kimeharibika. Mkataba wako unaisha Ijumaa, na anayeuongeza ni mimi."

Kabula aliogopa, kwa nini tufiche? Alikuwa na mtoto, Precious, anayemlea peke yake. Lakini hasira ilimkaba zaidi ya hofu. Kazi aliyoifanya kwa mikono yake itupwe jalalani, na kila mkulima wa Simiyu ajue kuwa fundi Kabula ndiye aliyepoteza uzito wa pamba yake? Ng'o!

Kikao kikakaa kwenye banda la pamba, Mzee Mayige, mwenyekiti wa chama, akiwa mbele. Januarius akasema kifaa alichokileta fundi kimeleta hitilafu. "Kabula, waeleze."

Akasimama. "Wazee, kisanduku ni kizima. Aliyezima alidhani yuko kwenye seva ya barua, kumbe yuko kwenye ya mizani. Amekosea kwa sababu majina niliyoyaweka yaliamriwa yafutwe."

"Nani alizima?" akauliza Mzee Mayige.

"Meneja."

Januarius akainuka, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kabula! Unakumbuka mkataba wako unaisha Ijumaa?"

"Nakumbuka. Leo ni Jumatano, bado mimi ni fundi wa chama hiki."

"Meneja," Mzee Mayige akasema, "nani kakuuliza habari za mkataba? Tunauliza nani alizima."

Januarius akageuka kumtazama Kabula, kama anayemngoja akae chini. Kabula hakukaa. Alibaki amesimama palepale, macho kwa macho, naye akilingoja jibu.